Namba Tisa Imepatikana

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wapwa zangu wote, na ziwakute mna afya na kicheko. Goti lako linaendeleaje? Wifi yako ameniagiza niulize habari za goti kabla ya neno lingine lolote, maana anasema mimi nikishika kalamu husahau watu nikaandika habari za saruji. Basi nimeuliza. Sisi huku wazima. Mgongo wangu hunisema kidogo asubuhi, lakini ikifika saa nne huwa umeshanyamaza.

Sasa dada, vuta kiti ukae. Mambo ya mpaka yamekwisha! Umepimwa, umekubaliwa, umewekewa nguzo, na wakubwa wa nchi zote mbili wametia sahihi bila mtu kumkunjia mwenzake uso. Kile kizuizi cha barabarani kimeng'olewa Jumatatu iliyopita. Basi la kutoka kwenu halizunguki tena siku mbili kupitia kituo cha mpaka cha mbali. Ni mwendo wa saa mbili na nusu tu, na hapo dereva ameshasimama kunywa chai.

Na nguzo zote za kipande hiki, ya kwanza hadi ya ishirini, nimezimimina mimi mdogo wako. Tume ya pamoja ilipofika ilitafuta mwashi anayejua kuchanganya zege lisilopasuka, na watu wakanitaja mimi. Usicheke. Najua unakumbuka ukuta wa choo, lakini ule ulianguka kwa mvua.

Nilifanya kazi na wapimaji wawili. Wa kwetu ni mama mfupi, mkali, tuliyempa jina la Bi Nukta, kwa sababu hawezi kusema mita sita. Lazima iwe sita nukta sifuri nne. Wa kwenu ni bwana mnene, mpole kupita kiasi, nasi tukamwita Bwana Pole. Yeye humpa pole kila mtu na kila kitu. Siku moja tulivunja mwamba kwa nyundo, nikamsikia kwa masikio yangu akiuambia mwamba pole. Ofisi yao ilikuwa ghala la zamani la mahindi, meza moja katikati, bendera moja huku na nyingine kule. Wiki ya kwanza kila mmoja alikaa upande wake na chupa yake ya chai. Wiki ya tatu chupa ilikuwa moja, na bendera zote mbili zilikuwa zimekandamizia karatasi zisipeperuke.

Kazi ilikwenda vizuri kwa sababu nchi zote mbili zilikuwa zimekubaliana jambo moja tangu mwanzo: palipokuwa na nguzo za zamani, hapo ndipo mpaka, haidhuru nani amependelewa. Tulikuta mabaki ya nguzo ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Tukakuta ya kumi na zilizofuata. Namba tisa hakuna. Kila upande ulikuwa na ramani yake, na ramani hizo zilipishana mita sitini. Ndani ya mita hizo, kama ujuavyo, mna bomba la maji na nyumba kumi na moja, na ya kwetu ni mojawapo. Ndizo mita zilizoleta askari miaka tisa iliyopita, walipotaka kujenga barabara na kila nchi ikasema hapo ni kwake. Ndizo zilizofunga njia.

Tulitafuta namba tisa siku kumi. Tulichimba, tukafyeka, tukauliza watu nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa tume akasema ikifika Ijumaa haijapatikana, faili litarudi kwa wanasheria wa miji mikuu, na njia itabaki imefungwa hadi huko watakapoelewana. Bi Nukta alianza kufuta vumbi kwenye darubini yake ya kupimia ili aifungashe. Bwana Pole akanishika bega akasema, "Pole fundi, kazi yako nzuri imebaki na pengo."

Dada, hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Namba tisa niliiiba mimi.

Ni miaka ishirini na sita sasa. Wewe ulikuwa umeshaolewa huko, mimi nina miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza najifunza uashi. Mama alikuwa akiniomba kila siku jiwe la kufulia, kwa maana alikuwa anafua ameinama kwenye beseni. Nikaiona ile nguzo kule mtoni, imeinama, nyasi zimeifunika, hakuna anayeiangalia. Niliipiga kwa mtaimbo ikakatika chini, nikaitia kwenye toroli, nikailaza nyuma ya jiko, namba ikaangalia chini, juu nikapiga lipu safi. Mama aliponiuliza nimeitoa wapi nikamwambia ni masalio ya kazi ya daraja. Alifurahi mno. Aliwaonyesha majirani. Kwa mara ya kwanza alisema nitakuwa fundi.

Askari walipokuja nilielewa nilichofanya, nikanyamaza kwa woga. Mwaka wa kwanza nilijiambia watapatana wenyewe. Mwaka wa pili nilijiambia nimeshachelewa. Baadaye sikujiambia kitu.

Siku ile Bwana Pole aliponipa pole, nilirudi nyumbani nikamkuta wifi yako anasugua sare za watoto juu ya jiwe lilelile. Nikamweleza yote. Akakamua shati, akasema, "Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi ndiye mpimaji?" Nikamkumbusha kwamba ninapajua mahali lilipotoka, na kwamba likirudi pale, nyumba yetu inaangukia nchi ya pili. Akanijibu kwamba nyumba haina miguu, haitakwenda popote. Nina mke, dada.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilisimama mbele ya ile meza nikasema. Bi Nukta akavua miwani akauliza, "Unapakumbuka kwa uhakika wa mita ngapi?" Nikamwambia kwa hatua tatu tu kutoka kwenye mwamba uliopasuka pale mtoni. Tulianza nyumbani. Tuliligeuza jiwe la kufulia, tukasugua udongo, na 9 ikatokea, safi kana kwamba imechongwa jana. Halafu tukaenda mtoni. Nilichimba mwenyewe. Mkono mmoja kwenda chini koleo likagonga zege, na nondo nne zilizokatika zikachomoza. Tulipokishusha kile kipande cha juu kutoka kwenye toroli na kukiweka, vilikaa pamoja, nondo kwa nondo. Bi Nukta akapiga vigelegele, dada, yule mama mkali! Bwana Pole alilia machozi, akaipigapiga ile nguzo akiiambia pole kwa miaka yote hiyo.

Mwenyekiti alinihukumu palepale: niijenge namba tisa mpya kwa mikono yangu, na ikipinda upana wa ukucha nibomoe nianze tena. Nimeipima kwa timazi mara saba. Haijapinda.

Kwa hiyo mpaka umepita upande wetu wa zile nyumba kumi na moja, zote ziko kwenu sasa. Hakuna aliyehamishwa. Mkataba unasema kila mtu abaki na nyumba yake na achague uraia autakao, na bomba ni la wote. Jirani yetu fundi cherehani alinitukana mbele za watu kuanzia kituo cha maji mpaka mlangoni kwangu, na alipofika mlangoni akauliza kama ninaweza kumpigia lipu chumba cha nyuma. Nikajua nimesamehewa. Mimi nimebaki na uraia wangu wa zamani. Kila asubuhi nakwenda nchini kwangu kufanya kazi, jioni narudi kulala ng'ambo, kama mtu mwenye mali.

Lakini wewe ndiye ninayekuogopa. Majirani nimewanyima amani, tume nimeipotezea siku kumi, hayo yanasemeka. Wewe nilikunyima mama. Alipofariki ulizunguka siku mbili barabarani, ukafika udongo wa kaburi umeshakauka, ukakaa kaburini peke yako, nami nikasimama nyuma yako nikilaani serikali. Halikuwa kosa la serikali peke yake. Ungepita njia yetu ungefika mchana uleule, ukamwosha, ukamzika. Nilijua hilo nikiwa nimesimama pale, nikanyamaza. Sitafuti maneno ya kulipunguza.

Usinijibu kwa barua, dada. Njoo unisute uso kwa uso, useme yote, hata mbele ya watoto. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao amejenga nguzo ishirini na hakuna hata moja iliyoanguka. Wifi yako anakusalimu sana. Ameshatoa shuka mpya sandukuni.

Kituo cha mpakani hufunguliwa saa moja asubuhi. Ukishuka kwenye basi usinitafute ng'ambo ya mstari. Nitakuwa nimesimama upande wenu, ndiko ninakoishi.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi