Gitaa la Kushoto

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu,

Nianze kwa kukuomba radhi. Barua yako ilifika kabla ya mvua kuanza. Mvua zimekwisha, nayo ilikuwa bado mezani pangu ikinikodolea macho. Sina udhuru wa maana. Watu hudhani mstaafu ana muda mwingi, kumbe ana uvivu mwingi. Nisamehe.

U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hulalamika kila nipandapo ngazi, lakini nimeyazoea. Barua yako ilinifurahisha sana, ingawa umeandika “vitu nyingi” mara mbili. Ni vitu vingi. Nimekusamehe kwa sababu ya umbali.

Sasa habari. Kitindamimba wetu, binti yako, amepata kazi ya kufundisha chekechea. Anasema watoto wale hawatulii ila kwa wimbo, kwa hiyo tuliahidi kumnunulia gitaa. Jana tulikwenda dukani watu watatu: yeye, mimi na shemeji yako.

Unamkumbuka shemeji yako na gitaa lake la kwaya. Tangu cherehani ya kiwandani ilipomwumiza, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki, na huo ndio mkono unaobana nyuzi. Aligawa gitaa lake, kisha akaacha na kuimba, hata jikoni. Dukani alikubali kuja kama mkaguzi tu, tena wa gitaa la mwanawe.

Duka lenyewe ni jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na fundi viatu. Muuzaji ni bwana mnene, mchangamfu, mwenye penseli sikioni.

“Karibuni! Gitaa zote hizi ni moto!”

“Magitaa yote haya,” nikamwambia.

“Sawa, mwalimu.”

“Umejuaje kuwa mimi ni mwalimu?”

“Mzee wangu, nani mwingine anasahihisha kabla ya kusalimia?”

Binti yako alicheka mpaka akashika ukuta.

Shemeji yako hakuwa na muda wa mzaha. Alichungulia shingo ya kila gitaa kuona kama imepinda, akagonga mbao na kusikiliza. Alisema mwanafunzi anafaa kuanza na nyuzi za nailoni, kwa kuwa za chuma zitamchuna vidole. Mwishowe yakabaki mawili yaliyoning’inia pamoja, yanayofanana kama mapacha. Mimi nilikuwa nimechoka kusimama. Nikanyoosha fimbo yangu, nikasema, “Tuteremshie lile la kushoto.”

“La kushoto? Una hakika, mzee?”

Nikamjibu kwamba nimefundisha sarufi maisha yangu yote, na nikisema la kushoto, ni la kushoto. Akainua mabega, akaenda nyuma ya duka, akarudi na gitaa lililojaa vumbi. Kumbe ni gitaa la mashoto! Nyuzi zake zimepangwa kinyume: mkono wa kuume hubana, wa kushoto hupiga. Nilipaswa kusema “lililo upande wa kushoto”. Mdogo wangu, nimewasahihisha watu miaka yote hii, na jana nikaangushwa na kijineno “la”.

Shemeji yako alilipokea ili alirudishe. Hakulirudisha. Alilipakata, mkono wa kuume ukaizunguka shingo, na vile vidole viwili vigumu vikapita juu ya nyuzi. Kupiga hakuhitaji vikunjwe. Mlio wa kwanza ulikuwa mbaya, wa pili ukawa afadhali. Kisha nikamsikia akiimba, kwa sauti ya chini, mstari mmoja tu. Binti yako akageukia ngoma zilizokuwa pembeni. Mimi nikasoma bango la ukutani, nikalirudia, wala sijui liliandikwa nini.

Mara akaliweka chini. “Nirudi darasa la kwanza na umri huu? Vijana wa kwaya watanicheka.”

“Mama, mimi nafundisha chekechea,” binti yako akamwambia. “Karibu darasani.”

Hapo ndipo tulipokwama. Uwezo wetu ni wa gitaa moja. Binti anasema lichukuliwe la mama, yeye atawapigia watoto makofi muhula huu. Mama anasema mtoto kwanza, mambo ya wazee baadaye. Wamebishana njia nzima, na asubuhi hii wanabishana kupitia mlango wa bafu. Muuzaji ametuwekea yote mawili, la binti na la mama, hadi Jumamosi. Mimi moyoni nataka la kushoto, kwa maana nimeuchoka ukimya wa jikoni. Sijalisema hilo. Nikimshauri shemeji yako tu, atakataa moja kwa moja, unamjua.

Nisalimie mkeo na mapacha. Dada yetu mkubwa anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini. Mungu akulinde ugenini, akunyooshee mgongo, na abariki kazi ya mikono yako.

Nikiwa hapa hapa kwenye salamu, shemeji yako amekuja kuketi karibu nami penye mwanga ili aniambie nikusalimu. Ana kikata kucha. Amezikata kucha za mkono wa kuume hadi karibu na nyama, kama akatavyo mtu anayetaka kubana nyuzi. Za kushoto hakuzigusa. Nilipomtazama alisema zilikuwa zinamsumbua. Nami nimeinamisha kichwa nikaendelea kuandika kama mtu asiyejua lolote.

Uamuzi ukipitishwa rasmi, nitakuandikia siku hiyo hiyo, bila kusubiri mvua nyingine. Ila naona kikata kucha kimekwisha kuupitisha.

Ndimi kaka yako mkubwa, akupendaye bila masahihisho.