Kambale Ana Mkubwa Wake

Jumatatu, 2 Oktoba

Nasahihisha nakala za darasa la sita la sekondari. Bado nusu. Mgongo unauma, tumbo linafika mezani kabla yangu. Swali nililowapa: je, ukweli ni mmoja, au kila mtu ana wake? Wengi wameandika kila mtu ana wake. Jibu rahisi, halimuudhi mtu. Mmoja nimemwandikia kwa wino mwekundu: "Nikikupa sifuri, utasema huo ni ukweli wangu tu?" Kesho atakuja kulia. Aje.

Monsieur Ilunga wa jiografia amecheka alipoisoma. Ni mtu wa Kasai, kazi ya serikali ilimleta hapa Butembo, na mpaka leo havui koti kwa sababu ya baridi yetu. "À chacun sa vérité, Madame Masika." Kila mtu na ukweli wake, naye pia! Nikamwambia asimame barabarani, aliambie lori la viazi kwamba kwake yeye halipo.

Jumatano, 4 Oktoba

Mama mkwe amefika kutoka Masereka. Gunia la viazi, kabichi, blanketi. Amekuja kumngoja mtoto. Nampenda. Anapika, anafagia, ananikataza kubeba ndoo. Lakini leo chai haijapoa ameshampa mtoto jina. Akiwa mvulana, Paluku.

Kwetu Wanande jina ni hesabu. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Ilunga, mwaka wake wa kwanza, aliwauliza akina Kambale wote wa darasani kwa nini baba yao haji kwenye mkutano wa wazazi. Shule nzima ilicheka mpaka Noeli.

Paluku wangu alishazaliwa. Mjini Beni, tulipoishi kule kwa ajili ya biashara ya kakao ya Kakule, mume wangu. Nilimbeba mpaka miezi yake ikatimia. Akatoka amenyamaza. Sikuonyeshwa uso wake. Walisema si vizuri mama aone. Kakule na baba yake mdogo walimchukua, wakarudi mikono mitupu. Tukahamia huku Butembo. Hakuna aliyemtaja tena. Mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wake wa shemeji zangu wote ni Mama fulani. Mimi nimebaki Masika.

Nimemwambia mama mkwe: akiwa mvulana, ni Kambale. Akaweka sahani chini.

"Ule hakuliaka, Masika. Mutoto asiyelia hapana kuhesabiwa."

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimemweka Kakule katikati. Kosa. Amesema kwa mama yake ni wa kwanza, kwangu ni wa pili, na sote wawili tuna haki. Mwanafunzi wangu akiandika hivyo nampa nne juu ya ishirini. Nilikasirika mpaka mtoto akapiga teke.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi niulizwe mimi. Mtu ahuzunike apendavyo, asahau apendavyo, hiyo ni yake. Kama mtoto alizaliwa au hakuzaliwa, hiyo si ya mtu. Haibadiliki kwa kupiga kura jikoni.

Mama mkwe si mtu mbaya. Anaogopa. Anasema nikimwita Kambale nimeingiza kaburi ndani ya nyumba, kila atakayelisikia jina atauliza mkubwa wake yuko wapi. Nimemwelewa. Wacha waulize tu.

Kitu kimoja kimenikaa. Kakule alipokuwa anasema hayo ya haki, aliangalia dirishani.

Jumanne, 10 Oktoba

Uchungu umeanza. Naandika nimesimama. Mwenye pikipiki amekataa kunibeba, anasema nitamzalia juu ya kiti. Kakule ametafuta gari. Siogopi.

Uongo. Naogopa sana.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvulana. Alilia kabla hajamaliza kutoka, sauti ya muuza samaki sokoni. Nikalia naye.

Muuguzi aliniuliza mimba ya ngapi. Ya pili, nikasema. Akaandika, akaenda kitanda kingine. Hakutaka kujua nani alilia na nani hakulia.

Mama mkwe ana simu sikioni tangu jana. Masereka yote inajua Paluku amezaliwa. Jumatatu Kakule atakwenda ofisi ya komini kumwandikisha, na mimi nimeshonwa, nina nyuzi, siwezi kumfuata. Akiandikishwa Paluku, yule wa Beni atakuwa hajawahi kuwepo. Hilo tu ndilo ninalopigania. Silali vizuri.

Jumamosi, 14 Oktoba

Tumerudi nyumbani, mtaani Vulamba. Nyumba imejaa wageni. Maharagwe, bugali, nyimbo. Ilunga amekuja na sabuni za mtoto na koti lake. Akauliza jina.

Mama mkwe akasema Paluku. Mimi, papo hapo, nikasema Kambale.

Ilunga siku hizi anaijua hesabu yetu na anajivuna nayo. Akainua kidole kama yuko mbele ya ubao.

"Ah non, Mama. Kambale ni ya pili. Donc, basi, Paluku iko mbele yake. Iko wapi?"

Hakujua. Aliuliza kwa furaha, kama mwanafunzi anayetaka alama. Mama mkwe akaanza kukunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa. Mimi, mwenye maneno yote, nikainama kumfunika mtoto miguu.

Kakule ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni.

"Iko Beni. Mi mwenyewe nilimuzikaka."

Jumapili, 15 Oktoba

Wageni walipoondoka Kakule aliongea. Leo asubuhi akaongea tena.

Walimpeleka kwenye shamba la kakao la baba yake mdogo, nje kidogo ya Beni. Mzee alichimba. Kakule alimshika, na wakati wa kumweka chini alishindwa. Anasema huwezi kuagana na mtu usiyemwita. Akamwita. "Paluku, lala." Alisema kwa sauti, baba yake mdogo alisikia. Kwa hiyo jina lilishatolewa zamani, na mwenyewe analo. Mimi nimebishana wiki nzima juu ya kitu kilichokwisha.

Muda wote huo alinyamaza akidhani ananilinda. Na siku ile alitupa haki sote wawili ili asilie mbele ya mama yake. Nimemkasirikia. Nimemshika mkono pia.

Alimwona uso. Paji lake lilikuwa la baba yangu. Nikamwomba arudie hapo. Akarudia.

Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi. Najua alisikia yote. Hakutoka.

Jumanne, 17 Oktoba

Jana Kakule alikwenda komini. Kambale. Imeandikwa.

Nimeshinda, lakini nyumba haina raha. Mama mkwe anapika, anafua nepi, anamwita mtoto "huyu". Mimi haniiti kitu. Sitarudi nyuma hata kidogo. Lakini ukimya wake unaniuma, tena sana.

Ilunga ametuma ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Nimemjibu kwamba safari hii nampa ishirini juu ya ishirini. Hajaelewa. Nitamweleza nikirudi kazini.

Jumapili, 22 Oktoba

Sikwenda misa, bado natembea polepole. Ukungu ulitoka mapema, jua likafika uani. Kakule anasema barabara ikitulia tutashuka Beni, anionyeshe mahali.

Nilikuwa chumbani namnyonyesha Kambale. Nje mama mkwe alikuwa anamimina maji kwenye beseni la kumwogeshea. Nikasikia anaita. Mwanzoni sikugeuka, nilidhani kuna jirani amepita.

Akaita tena.

"Mama Paluku! Leta Kambale, maji iko tayari."

Nikajifuta uso kwa kitenge. Halafu nikaitika, nikampeleka, maji yasije yakapoa.