Ada Zilizofichwa za Loji ya Kilimani

Duka la Kalekye,
S.L.P. 41,
Kambu.

16 Oktoba 2025

Mpendwa kaka yangu Gedion,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Doha? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa hiyo baridi ya mashine? Sisi tu wazima. Mvua haijafika lakini tumeshapanda tukiingoja, si unajua ukaidi wetu.

Sasa keti. Mama alikuambia kwa simu kwamba yeye na Baba wamelala lojini na kitanda kilikuwa kizuri. Hawakulala. Kitanda kilikuwa changu, hapa nyuma ya duka. Alikuficha ili usisononeke, lakini mimi nimeshindwa kunyamaza. Ndiyo maana nimempa Yvonne wa kwa Nthiwa barua hii, maana anarudi kazini huko. Kwenye simu Mama hukaa karibu akinisikiliza.

Unajua Baba alivyochonga mawe ya loji ile ya kilimani miaka thelathini iliyopita. Siku ilipofunguliwa, mafundi walitolewa kwa mlango wa nyuma. Tangu presha ya macho imle jicho la kushoto, ombi lake limekuwa moja tu: alale humo usiku mmoja na Mama, waamke pamoja, amwonyeshe kazi ya mikono yake kabla jicho la kulia halijazimika nalo. Na mwaka huu wametimiza miaka hamsini ya ndoa.

Basi nikaanza kutafuta bei. Miezi mitatu nachungulia mtandaoni kila asubuhi kabla wateja hawajaja. Nikagundua Jumanne ni nafuu kuliko Ijumaa, na kwamba tovuti ya loji yenyewe ina bei ya chini kuliko ya mawakala. Siku moja nikakuta ofa ya nusu bei, elfu kumi na mbili badala ya ishirini na nne. Nikalipa hapo hapo. Kaka, nilijiona mjanja.

Tulipofika, msichana wa mapokezi alitupa juisi, kisha akasema tumebakisha ada ya mapumziko, elfu tatu na nusu kwa kila kichwa. Ati ni ya bwawa la kuogelea, baiskeli na chumba cha kunyanyulia vyuma. Baba ana miaka sabini na minane! Nikauliza imeandikwa wapi. Akachukua simu yangu mwenyewe, akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa kwenye masharti, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Huo ni wizi uliovaa tai. Mimi nikiuza sukari, bei niliyobandika ndiyo bei. Simgeukii mteja mlangoni nimwambie alipie pia kivuli cha duka.

Halafu Mama akatoa kuku kwenye kiondo, yule tetea wa madoadoa. Utaingiaje kwa watu mara ya kwanza bila kitu? Mkono mtupu haulambwi. Alimletea mwenye nyumba. Msichana akaandika ada ya mnyama wa kufugwa, elfu mbili. Zawadi hiyo, Gedion, wanaitoza ada! Mama akamrudisha kuku kiondoni, akamfunika na leso polepole bila kumtazama mtu.

Nilikuwa na elfu nne kwenye simu. Zilitosha mtu mmoja. Meneja, Bwana Mbaluka, Mkamba mwenzetu kabisa, akasema kwa upole kwamba mmoja anaweza kulala. Mama akataka awe Baba, Baba akataka awe Mama. Wakavutana hapo kwa Kikamba, wageni wakiangalia. Mwishowe Baba akapapasa ukuta wa mapokezi, akamwambia Mbaluka, "Ukuta huu niliujenga mwezi wa Februari. Sikuwatoza ada ya jua."

Akamshika Mama mkono wakatoka.

Nimepigana nao wiki nzima. Nimeandika, nimepiga simu, nimepanda huko mara mbili nikasema yote mbele ya wageni wao. Jibu ni lile lile, pesa za ofa hazirudishwi. Jana Mbaluka akapiga akasema wametupa usiku mmoja, Januari, bila ada yoyote. Januari, na daktari wa macho ameshatuambia jicho la kulia halifiki Krismasi! Nilitaka kumpa matusi yake. Baba akaninyang'anya simu, akamwambia asante, tutakuja. Nikamuuliza kwa ukali anaenda kuona nini.

Akanijibu, "Mama yako ana macho."

Mutunga na watoto wake wanakusalimu, na shangazi Kaveke wa Ikutha pia. Nisalimie Ridwan mnayeishi naye. Mungu wa wazazi wetu akufunike, akurudishe salama. Ukipewa likizo, iombe ya Januari. Baba atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Kalekye