Kibondo Adhabu, Kasulu Busara

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua ungeniambia nikanywe maji kwanza. Nimekunywa. Haijaondoka.

Unakumbuka siku ulipochezesha mechi ya watumishi wa wilaya na vijana wa Kitahana? Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye nyasi nimeshika viatu vyako vya kazini. Mkubwa mmoja alifunga kwa mkono, wenzake wakashangilia, wewe ukalikataa bao. Akakujia juu: "Mwalimu, unajua unaongea na nani?" Ukamjibu, "Najua. Na mkono wako nimeuona." Tulirudi nyumbani kwa baiskeli mvua ikitunyeshea, mimi nyuma nimekushika kiuno, wewe unacheka peke yako. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe jioni ile.

Sasa mimi ndiye katibu wa timu yetu ya Kibondo, na msimu huu tulikuwa tunapanda daraja. Sikia yaliyotupata.

Mechi ya kwanza na wapinzani wetu wa Kasulu ilikuwa hapa nyumbani. Kanuni za ligi zinasema wenyeji wasipokuwa na gari la wagonjwa uwanjani, mechi haichezwi na wao wanapoteza. Gari letu lilikuwa limekimbilia Kitahana kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Lilipofika, kamisaa wa mchezo alikuwa ameshafunga mkoba wake. Nilimsihi. "Katibu, kanuni ni kanuni," akasema. Ushindi wakapewa wao. Wachezaji walilia, nikawaambia tukubali, maana ndivyo ambavyo ungesema.

Mechi ya mwisho tukaifuata Kasulu. Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulikaa juani wee, mpaka kamisaa yule yule akapigiwa simu, akaenda pembeni, akarudi anatabasamu: mechi kesho asubuhi. Nikamfungulia kitabu cha kanuni. Hakukitazama. "Tutumie busara, dada."

Busara! Mama wa Kitahana alipokuwa anajifungua, hiyo busara ilikuwa wapi?

Kesho yake gari lilikuwepo. Tukafungwa bao moja, wao wakapanda daraja.

Mwamuzi siku hiyo alikuwa Spesioza, yule binti uliyemfundisha kuchezesha kwenye kiwanja cha shule. Aliandika kwenye ripoti yake kila kitu kama kilivyotokea, na mimi nikakata rufaa nikiitegemea ripoti hiyo. Unajua nani aliongoza kikao cha rufaa? Mlezi wa timu ya Kasulu! Alitusikiliza huku anachezea simu, kisha akaitupa rufaa yetu. Spesioza naye wakamwondoa kwenye orodha ya waamuzi, eti hana nidhamu.

Nikaenda kwa afisa michezo wa mkoa. "Dada yangu, Serikali haiingilii mambo ya mpira," akaniambia. Baba, ofisi yake ndiyo iliyopitisha katiba za timu zote mbili, na siku ya mechi alikaa jukwaa kuu akinywa soda. Serikali inakagua mizani ya muuza maharage sokoni. Inashindwaje kumuuliza mtu mmoja kwa nini anatoa hukumu mbili kwa kosa moja?

Kuna siku nakukasirikia hata wewe. Ulinilea nikiamini kwamba ukiwa na haki na kitabu mkononi, imetosha. Haikutosha. Wewe ulikuwa na filimbi. Mimi nimekuta filimbi wamenyang'anywa wanaoipuliza kwa haki.

Wiki iliyopita wachezaji walikutana. Nahodha akasema tuivunje timu. "Tunacheza na Kasulu au tunacheza na kamisaa?" Nikaweka mezani barua niliyomwandikia waziri, kurasa mbili, inayoomba jambo moja tu: kiongozi wa timu asikae kuamua kesi ya timu yake. Nikasema anayeitaka timu hii aweke saini, jina kamili.

Spesioza, aliyekuja kwa basi kutoka Manyovu, akainuka kutoka benchi la nyuma akaniomba kalamu.

"Wewe usisaini," nikamnong'oneza. "Watakufungia maisha."

"Dada, wameshanitoa," akasema. "Wanitoe wapi tena?"

Akasaini wa kwanza. Nahodha akamfuata, kisha wote.

Barua naipeleka mwenyewe, Baba. Wewe pumzika. Mimi bado sijachoka.

Binti yako wa pekee,
Katibu