Mtoto Aliyesikika Kwenye Ukumbi wa Pool

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: liko kwenye kitambulisho nilichokabidhi, mtaani naitwa Dada Chaki.
Umri: miaka 72.
Kazi: mmiliki wa ukumbi wa pool.
Makazi: chumba cha nyuma ya ukumbi huo huo.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa leo zimejaribiwa.

Leo, tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikuwa ukumbini kwangu. Mlango ulikuwa wazi, na dirisha la barabarani halina pazia, kama sheria ndogo za halmashauri zinavyotaka. Sheria hizo nimezibandika ukutani, na ile inayokataza walio chini ya miaka kumi na minane nimeipigia mstari mwekundu kwa mkono wangu. Wanafunzi wakichungulia nawatimua. Wananiita mchawi, sijali.

Mtoto alikuwa anacheza na fundi viatu, amebakiza mpira mweusi tu ashinde. Nikamwambia, "Mtoto, kunywa maziwa yako kwanza, yanapoa." Akanywa nusu, akaegemeza fimbo ukutani, akaenda chooni, uani.

Hapo afisa leseni akaingia kwa kishindo. Kumbe muda wote alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta anasikiliza. Akauliza, "Huyo mtoto ni nani kwako?" Nikajibu, "Ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemlea." Akasema, "Umekiri mwenyewe kwamba ni mdogo." Nikafungua mdomo, akaniamuru ninyamaze. Fundi viatu alicheka mpaka akashindwa kunitetea. Yeye tutaongea baadaye. Afisa akachukua kikombe cha maziwa kuwa ushahidi, akatutoa nje bila hata kwenda uani kumtazama Mtoto, akapiga kufuli, akasema leseni yangu ndiyo basi.

Niliumia. Ukumbi ule ndio unaotulisha, mimi na mdogo wangu, na hatuna kingine. Majirani walinitazama kama mwizi. Nilitembea kichwa juu, afisa akinileta hapa kituo cha polisi.

Hapa kituoni afisa leseni aliweka kikombe mbele ya askari anayeandika maelezo haya. Askari akauliza, "Huyo mtoto ana miaka mingapi?" Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa, akaingia Mtoto, mvi kichwa kizima, anahema, majirani wamemwelekeza. Akasema, "Dada, nani kafunga ukumbi? Nimebakiza mweusi!" Kisha akaona kikombe chake, akakichukua, akamalizia maziwa. Ushahidi ukaishia hapo.

Mtoto ana miaka 61 na vidonda vya tumbo. Ni kitindamimba wetu. Mama yetu alipofariki alinikabidhi yeye akiwa mchanga, nami nikiwa na miaka kumi na moja. Nimemwita Mtoto tangu siku ile na sitaacha, hata halmashauri ikitunga sheria. Leo nimecheka mbele ya askari mpaka nikatokwa machozi, na sioni aibu.

Ombi langu ni moja: kufuli alifungue afisa leseni mwenyewe, mchana huu huu, majirani wakiona.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema. Nimesomewa, nimeyakubali yote.

Saini: Dada Chaki

Maelezo ya askari: Nimeyaandika kama alivyosema. Mtoto nimemwona kwa macho yangu, ana wajukuu. Nimewasindikiza hadi ukumbini. Afisa leseni amefungua kufuli kwa mkono wake saa saba na nusu mchana, mtaa mzima ukiwepo. Mpira mweusi umeingia.