Ruhusa ya Kukata Kiuno

Buyenzi, Bujumbura, 4 Oktoba

Baba mpenzi,

Asalaam alaikum. Natumaini ujumbe huu unakukuta mzima huko Kigoma, na mgongo umepoa. Sisi hapa hatujambo. Nyanya Adija anakusalimu. Anasema tangu mafuta ya magari yaadimike, ukafunga gereji na kwenda kutafuta kazi huko, hana tena mwana wa kumkaripia, kwa hiyo ananikaripia mimi kwa niaba yako.

Nina ombi. Mwezi ujao wasichana watatu wa klabu yetu ya gofu watachaguliwa kwenda kushindana Kigali. Nataka niwe mmoja wao, nataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nyanya amesema bila neno lako sivuki mpaka, na mwalimu naye hapeleki mtoto wa watu bila ruhusa ya mzazi.

Mwalimu huyo, Maxime, anasema napiga kwa mikono tu, miguu imelala, ndiyo maana mpira wangu hauendi mbali. Dawa yake ni kukata kiuno. Kila jioni najifunza kukata kiuno uwanjani, wenzangu wanatazama, na jana alinisifu kwamba sasa nakikata vizuri.

Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Yasmina


Kigoma, 11 Oktoba

Yasmina,

Waalaikum salaam. Mimi mzima. Msalimie nyanya yako.

Nimesoma. Kiuno hukatwa ndani, siku ya harusi, wanawake kwa wanawake. Mama yangu amefundisha mabibi harusi wa nusu ya Buyenzi na hakuna mwanamume aliyewahi kuchungulia. Leo mjukuu wake anakikata uwanjani, na mwanamume anatoa maksi. Mchezo huo uache. Kigali usiitaje tena.

Baba yako,
Massoudi


Buyenzi, 12 Oktoba

Baba,

Asalaam alaikum. Nashukuru kusikia u mzima. Nilipousoma ujumbe wako nilicheka, kisha nikalia.

Kosa ni la neno. Maxime ni mtu wa Mutanga Sud, lugha zake ni Kirundi na Kifaransa, Kiswahili anakiokota kwetu. Zamani alikuwa akisema "tourne les hanches", yaani zungusha nyonga. Siku moja akamwuliza mwenzangu Kelly tunasemaje, naye Kelly akamwambia ni kukata kiuno. Tangu hapo uwanja mzima unamsikia: "Yasmina, apana, mi nasema kata kiuno, we unapiga na mikono tu." Nikazoea, nikakuandikia kama ninavyosikia.

Jambo lenyewe ni hili. Ukiinua fimbo, uzito unakaa mguu wa kulia. Ukiishusha, usianze na mikono. Unakanyaga kwanza kwa mguu wa kushoto, goti linafuata, nyonga inageuka kuelekea shimo, na mikono inakuja mwisho, inavutwa tu. Nikianza na mikono, mpira unakwenda porini. Navaa suruali pana, kanzu fupi na kitambaa kichwani. Ngoma haipo.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao,
Yasmina


Buyenzi, 16 Novemba

Baba,

Asalaam alaikum. Hujambo? Kazi inaendeleaje? Naona ujumbe wangu wa mwezi uliopita uliusoma, na hukujibu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi nausubiri mshindo wako.

Nyanya aliamua kwenda kujionea mwenyewe. Alivaa kitenge cha sikukuu, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yetu, akatazama asubuhi nzima. Mwishowe akamwita Maxime.

"Mwalimu, huyu mutoto hakate kiuno hata kidogo. Anakaza magoti sawa mutu anaogopa matope. Kiuno inatokaka ku kisigino. Mi ni vile nafundishaka bibi harusi."

"Mama, ni ile ile mi namuambiaka kila siku," Maxime akajibu. Wakaelewana wale wawili kuliko ninavyoelewana na yeyote kati yao.

Nyanya akanivua viatu nikanyage nyasi, nisikie kisigino kikisukuma ardhi. Nimefanya hivyo mpaka jana, siku ya uchaguzi, na jana nimeshika nafasi ya pili. Kelly ni wa nne. Majina yanatumwa Ijumaa. Nisipopata ruhusa yako, nafasi yangu anapewa yeye.

Baba, nakuomba.

Mwanao,
Yasmina


Kigoma, 22 Novemba

Binti yangu,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, mgongo unavumilika. Nyanya yako amenitumia sauti ndefu, na nusu yake ni matusi.

Nimeelewa. Kumbe ni kama gari: nguvu inatoka kwenye injini, inapita kwenye shafti, magurudumu yanapokea. Atakayesukuma gari kwa kuzungusha usukani hafiki popote.

Ila nikwambie ukweli. Neno hilo nililielewa tangu ulipolifafanua. Kilichonikaa kooni ni kingine. Nilikuacha ukiwa unaniuliza kila kitu, sasa mambo yako nafafanuliwa kama mgeni, na Maxime anajua goti lako linavyokunjika kuliko mimi. Niliona wivu, nikanyamaza.

Nenda Kigali. Na umwambie mwalimu wako aseme "geuza nyonga", asije akaua mzazi mwingine kwa presha.

Baba yako,
Massoudi


Buyenzi, 23 Novemba

Baba,

Asalaam alaikum. Alhamdulillahi mgongo unavumilika. Nyanya hajambo.

Majina yalikwenda juzi Ijumaa, siku moja kabla ya neno lako. Maxime alinisubiri mpaka adhana ya magharibi, yeye akinitazama mimi, mimi nikitazama simu. Anayekwenda ni Kelly. Amestahili, anajituma.

Nimekasirika, na hata leo sijamaliza kukasirika. Nikikwambia vinginevyo nitakuwa nimekudanganya.

Jitunze.

Mwanao,
Yasmina


Kigoma, 30 Novemba

Yasmina, binti yangu,

Asalaam alaikum. Natumaini hasira imepungua, na kama bado, ni haki yako. Afya yangu ni nzuri, ila usingizi sina. Ulitaka kitu kimoja, ukakifanyia kazi ukakipata, na kimekuponyoka kwa sababu baba yako alinuna. Inaniuma.

Nimewaza sana wiki hii, nikaona kwamba kuomba kwenyewe ndiko kubovu. Safari nyingine nitakuwa ziwani kwenye boti pasipo na mtandao, au nitakuwa nimenuna tena, maana najijua. Basi usome ujumbe huu kwa sauti mbele ya nyanya yako, awe shahidi. Nimekuruhusu. Kigali, Nairobi, popote mchezo utakapokupeleka, mwaka huu na miaka yote ijayo. Usiniombe tena, niarifu tu kwamba umefika salama.

Na ukija kuolewa, mumeo akitaka aombwe yeye, mwonyeshe maneno haya, aone kwamba uliruhusiwa kabla hajakujua.

Baba yako,
Massoudi