Kabla Hujaja Kumtolea Kidega Figo

Naguru, Kampala
9 Machi 2025

Mpendwa wifi Lakica,

Hamjambo huko Dodoma? Kifua cha mtoto Alal kimepoa? Nilisikia alikohoa wiki nzima, nikaingiwa na wasiwasi. Sisi tunaamka, tunashukuru. Kaka yako Kidega ana siku nzuri na siku za kuvimba miguu. Akitoka hospitali ya Mulago kusafishwa damu hulala mpaka jioni. Mimi usingizi ndio umenikataa. Nafagia uwanja nilioufagia asubuhi.

Nimepata ujumbe wako kwamba unakuja kutoa figo wewe, na kwamba hutaki kumkuta ndugu yenu Opoka hapa nyumbani. Kwenye simu ungenikatiza, ndiyo maana naandika. Yaliyotokea India, tulikompeleka Kidega apewe figo ya Opoka, umeyasikia kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Siku moja kabla ya upasuaji, Opoka alitoka tulikopanga bila kuaga. Simu aliiacha kitandani. Mama mwenye nyumba akaniambia amemwona akielekea kilimani, kwenye hekalu la kale la Wahindu. Watu hulipandia kutoka mbali, alisema, kwa kuwa pale mahali pana nguvu. Ukikaa kimya, moyo unatulia. Basi mimi Mkristo wa Busia nikapanda, si kutafuta nguvu, bali kumtafuta shemeji yangu nimburute chini kwa shati.

Wifi, ngazi zile zimechongwa kwenye jabali lenyewe, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Juu unavua viatu, na mawe yana moto. Ndani kuna giza na ubaridi, harufu ya kafuri na maua. Wanawake walikuwa wameegemea nguzo, wamefumba macho, nyuso zimelainika. Nami nikakaa kidogo, kwa kweli nikingoja huo utulivu. Haukuja. Nilimwona Kidega amekufa, nikajiona narudi Entebe na jeneza. Nikainuka haraka.

Opoka nilimkuta nyuma ya hekalu, ameketi kwenye ukuta unaotazama mji, viatu mkononi. Yule askari unayemjua, ambaye wezi wa Nakasero wanamkimbia, alikuwa analia.

“Shemeji, mimi naogopa,” aliniambia. “Daktari anasema maneno mingi, mimi nasikia kisu tu. Nimekaa hapa tangu asubuhi nangoja hiyo nguvu yao. Hakuna.”

“Hata mimi sikuipata,” nikamjibu.

Akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akaniangalia. “Ukiniambia nitoe, natoa. Wewe niambie tu.”

Lakica, neno lilikuwa mdomoni tayari. Ningelisema, mume wangu angepata figo. Lakini Opoka alikuwa amevikumbatia viatu vyake kama mtoto, akiningoja niseme. Nikashindwa.

“Hilo siwezi kukuambia,” nikasema. “Twende ukamwambie ndugu yako mwenyewe.”

Akamwambia mbele yangu, amesimama wima kama aliye mbele ya mkubwa wake kazini. Kidega akasema, “Kama ungetoa kwa kunionea haya, mimi ningeishi namna gani na hiyo kitu yako ndani?” Madaktari nao walisema asiyeridhia hapasuliwi. Ndivyo tulivyorudi.

Sasa Opoka ndiye anayempeleka Mulago na kumrudisha. Humsaidia kuvaa soksi, miguu ikivimba. Wewe anakupigia, hupokei. Haniambii, ila namwona anavyoirudisha simu mfukoni.

Kuhusu kuja kwako, wifi, nataka uje. Nataka mno. Boda ikisimama nje natoka mbio kuangalia, na najua hata basi hujapanda. Lakini kama unakuja ili kumkomoa Opoka, bora ubaki. Njoo ukiwa umependa mwenyewe. Na ukifika hapa ukaogopa, sema, hata kama umeshavaa gauni la hospitali. Mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia turudi nyumbani. Ila siku hiyo usinitazame usoni, maana uso wangu utakuwa bado unakuomba.

Mpe Alal busu langu, na baba Alal salamu zangu. Mama mkwe Abwola yuko Gulu, anakuulizia kila akipiga. Mungu akae nawe unapoamua, na asikuache ukishaamua.

Wifi yako akupendaye,
Namalwa